Kimeng'enya Hakipikwi: Maswali ya Wafugaji wa Nguruwe wa Tabora na Kigoma

Barua za mwezi huu kutoka mikoa ya Tabora na Kigoma zimefanana kiasi kwamba nimeona afadhali nizijibu pamoja. Karibu zote zinauliza kuhusu unga wa vimeng'enya, ule unaouzwa kwa pakiti ndogo katika maduka ya pembejeo za mifugo na kusemekana kuwa humsaidia mtoto wa nguruwe kusaga chakula vizuri na kukua upesi. Nimechagua barua tano. Kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, majina ya waandishi hayachapishwi.

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni mfugaji wa Urambo, nina nguruwe majike wanne. Watoto wao hunawiri wakiwa bado wananyonya, lakini nikiwaachisha wakiwa na wiki tano hudumaa kwa wiki mbili nzima, manyoya husimama, mavi huwa laini, na ndani ya mavi naona vipande vya mahindi vilivyo vizima. Muuzaji alinipa pakiti ya vimeng'enya ya gramu 100 akasema inatosha tani moja ya chakula. Mimi huwapikia uji mzito wa pumba za mahindi, mahindi ya kuparaza, mashudu ya alizeti, soya niliyoisaga mbichi, dagaa kidogo, na chokaa kilo tatu kwa kila kilo mia. Kila siku nilitia kijiko kimoja cha chai cha unga huo kwenye sufuria uji ukiwa bado jikoni, ili uchanganyike vizuri. Pakiti ilikwisha ndani ya mwezi mmoja na sikuona tofauti yoyote. Je, nilitapeliwa?

JIBU: Ndugu mfugaji, hukutapeliwa. Ulikipika kimeng'enya. Kimeng'enya ni protini, na protini ikipata moto mkali hubadilika umbo isirudi tena, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kikaangoni. Umbo hilo ndilo linalokiwezesha kushika chembe ya chakula na kuivunja, kwa hiyo likiharibika kinachobaki sufuriani ni protini kidogo tu yenye bei kubwa. Hata viwanda vinavyotengeneza chakula cha tembe, ambavyo hukipitisha chakula kwenye mvuke wa nyuzi 80 na zaidi, hulazimika kutumia kimeng'enya kilichofunikwa kwa utando maalumu au kukinyunyizia juu ya tembe zikishapoa. Uji wako unaotokota umevuka joto hilo kwa mbali.

Kosa hilo ni rahisi kulirekebisha. Hata hivyo barua yako ina mambo mengine matatu ambayo, hata kama ungekitia kimeng'enya kwa usahihi, yangekizuia kukupa faida, na ili yaeleweke ni lazima kwanza tutazame kinachompata mtoto wa nguruwe anapoondolewa kwa mama yake.

Mtoto wa nguruwe huzaliwa akiwa tayari kwa kitu kimoja tu, yaani maziwa. Utumbo wake umejaa kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, lakini vile vya kuvunja wanga wa nafaka na protini za mimea ni vichache na huongezeka polepole kadiri anavyokua na kuonjeshwa chakula kikavu, mpaka vinapotosheleza akiwa na umri wa wiki saba au nane hivi. Tumbo lake nalo halijaweza kutengeneza tindikali, yaani asidi, ya kutosha. Wakati ananyonya shida hiyo haionekani, kwa sababu sukari ya maziwa hugeuzwa tumboni na vijidudu vyema kuwa asidi. Siku unapomwachisha, asidi hiyo hukatika, kongosho hupunguza vimeng'enya badala ya kuviongeza, na vile vijidole vidogo sana vilivyotanda ndani ya utumbo mwembamba, ambavyo ndivyo hufyonza chakula, hufupika ndani ya siku chache kwa sababu mnyama amegoma kula kwa hofu na ugeni. Kwa hiyo chakula kingi hupita bila kusagwa na kuwafikia vijidudu wa utumbo mpana, nao hukichachusha. Hapo ndipo unapoyaona mavi laini na manyoya yaliyosimama. Wafugaji wanaosubiri hadi wiki ya nane huyaona hayo kwa kiasi kidogo, na wewe uliyeachisha wiki ya tano ili jike apandishwe mapema unayaona kwa ukali wake wote. Vimeng'enya vinavyouzwa kwa ajili ya watoto wa nguruwe vimekusudiwa kusaidia kuziba pengo hilo la wiki tatu au nne.

Sasa nirudi kwenye sufuria yako. Soya mbichi ina vitu vinavyoizuia tripsini, ambayo ni miongoni mwa vimeng'enya vikuu vinavyovunja protini katika utumbo. Yaani mnyama ambaye tayari ana vimeng'enya vichache unampa chakula kinachovifunga hata hivyo alivyo navyo. Nakiri kwamba wewe huipika ndani ya uji, lakini uji wa haraka unaoepuliwa mara tu unapotokota hautoshi. Soya inahitaji kuchemshwa nusu saa au zaidi, au kukaangwa ikiwa nzima, ukiigeuzageuza hadi ganda lipasuke na rangi iwe ya dhahabu, kisha ndipo isagwe. Usiiache iungue, kwa maana ikiwa nyeusi protini yake nayo imeharibika. Maharage mabichi yana tabia hiyohiyo, na unga wa pakiti haukuondolei kazi ya moto.

Jambo la pili ni chokaa. Kilo tatu kwa mia ni nyingi mno kwa mtoto wa nguruwe. Chokaa hula asidi, na nimekwisha kueleza kwamba asidi ndiyo mali adimu katika tumbo lake. Pepsini, kimeng'enya kinachoanza kuvunja protini tumboni, haifanyi kazi bila asidi hiyo. Aidha, kalsiamu ya chokaa ikizidi huifunga fosforasi na kukidhoofisha kimeng'enya cha fitazi, kile kinachoifungua fosforasi iliyofungwa ndani ya nafaka, ambacho huenda kimo katika pakiti yako. Ikiwa unatumia dagaa walio na mifupa yao, kilo moja ya chokaa au pungufu inatosha kabisa.

La tatu ni hivyo vipande vya mahindi. Kimeng'enya hufanya kazi juu ya uso wa chembe na hakina meno ya kuivunja. Rudi mashineni ukaombe chekecheo dogo zaidi, kiasi cha unga wenye chenga ndogo zinazohisika vidoleni. Usisage laini kama unga wa ugali, kwa sababu vumbi hilo huwafanya wakohoe na huleta vidonda vya tumbo kwa nguruwe.

Kuhusu kipimo, hebu tufanye hesabu. Gramu 100 kwa tani ni sawa na gramu 10 kwa kilo 100 za chakula kikavu, sawa na gramu moja kwa kilo 10. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu tatu au nne za unga wa namna hiyo, na sufuria ya ndoo moja huingia kama kilo sita za chakula kikavu, ambacho kilihitaji gramu 0.6 tu. Umetumia mara tano au sita ya kilichotakiwa, na ndiyo maana pakiti ya tani moja ilikwisha kwa mwezi. Kiasi kidogo hivyo hakipimwi kwa kijiko, bali kwa mzani mdogo wa gramu kama ule wa sonara, na hakitupwi moja kwa moja kwenye rundo la chakula. Changanya gramu 10 na kilo moja ya pumba laini ndani ya beseni mpaka uridhike. Mimina mchanganyiko huo kwenye kilo nyingine tisa ugeuze. Kisha hizo kilo 10 zitandaze juu ya kilo 90 zilizobaki na ugeuze kwa koleo mara nne au tano. Funga kitambaa puani unapofanya kazi hiyo, maana vumbi la vimeng'enya huweza kuleta pumu kwa anayelivuta mara kwa mara.

Kama huwezi kuacha uji, na najua wapo wanaoamini kwamba nguruwe asiyepikiwa hashibi, basi upike bila kimeng'enya, uuache upoe mpaka uweze kutumbukiza kiganja chako bila kukirudisha, ndipo utie pumba kavu zilizochanganywa na kimeng'enya na kuwapa hapohapo. Mimi binafsi ningekushauri upike soya tu na kuwapa vingine vikavu pamoja na maji safi kando. Mfano wa kilo 100 kwa watoto walioachishwa karibuni ni mahindi yaliyosagwa kilo 55, pumba za ngano 10, soya iliyokaangwa 18, mashudu ya alizeti 7, dagaa waliosagwa 8.5, chokaa 0.7, chumvi 0.3 na mchanganyiko wa vitamini na madini 0.5. Hapo protini hukaribia asilimia 19. Pumba za mahindi, ambazo ndizo msingi wa uji wako, waachie mama zao na wale waliokwisha kuwa wakubwa.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama mfugaji wa Kasulu. Pakiti hizo huku kwetu hupatikana kwa shida, na zikipatikana zimekaa dukani muda mrefu. Shangazi yangu anasema papai bichi na kimea cha mtama hufanya kazi ileile bila gharama. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba, mama. Shangazi yako anasema kweli kuhusu kimea, na nusu kweli kuhusu papai.

Mbegu ya mtama au ulezi inapochipua hutengeneza yenyewe kimeng'enya cha kuvunja wanga, kiitwacho amilazi, ili kuulisha mche. Wapishi wa pombe wanalijua jambo hili kwa mikono yao hata kama jina hilo hawajalisikia. Ukitaka kuliona, pika uji mzito hadi mwiko usimame wenyewe katikati ya sufuria, uepue, uuache upungue joto mpaka mvuke uwe hafifu, kisha nyunyiza unga wa kimea kiasi cha kiganja na kukoroga. Nimewahi kulifanya hilo mbele ya wafugaji waliokuwa wakibishana kama kweli kuna kitu kinachoitwa kimeng'enya, na mwiko ulianza kuinama kabla ubishi haujaisha. Robo saa baadaye uji ule uliweza kunywewa kwa kikombe, na haukuongezwa hata tone la maji. Wanga uliokwisha kuvunjwa namna hiyo ni mwepisi sana kwa mtoto wa nguruwe katika wiki mbili za kwanza baada ya kuachishwa. Tahadhari ni moja: machipukizi ya mtama yana sumu ya jamii ile ya muhogo mchungu, kwa hiyo kimea kikaushwe vizuri juani, kisha kipukutwe na kupepetwa mpaka vijiti na vijizizi vyote viondoke kabla ya kusagwa. Ulezi hauna shida hiyo kwa kiasi cha kutisha, nami ningeuchagua huo.

Papai bichi lina utomvu wenye papaini, kimeng'enya cha kuvunja protini, ndicho hicho kinachoilainisha nyama ngumu unapoifunga kwenye majani ya mpapai. Tatizo ni kwamba wingi wake hutofautiana kati ya tunda na tunda na hupungua sana papai linapoiva, kwa hiyo hakuna kipimo cha kukitegemea, na utomvu mwingi huuchubua mdomo na utumbo mchanga. Wape papai kama tunda, wanalipenda, lakini usilihesabu kuwa badala ya pakiti.

Nikuongezee jambo moja ambalo shangazi hakulitaja. Pumba za ngano zina fitazi yake ya asili, tena nyingi, ambayo mahindi, mtama na soya karibu hawana. Fitazi hiyo imelala tu kwa sababu ya ukavu. Ukichanganya chakula chenye pumba za ngano na maji, kilo moja kwa lita mbili, ukakiacha kwenye ndoo safi yenye kifuniko kivulini tangu jioni hadi asubuhi, fitazi huamka na kuanza kuifungua fosforasi ya chakula chote, pamoja na ile ya mahindi. Zaidi ya hayo, chakula hupata uchachu kidogo wa maziwa mgando, na asidi hiyo ndiyo ile tuliyosema mtoto aliyeachishwa ameikosa. Kikinuka vibaya au kikiota ukungu, kimwage, na ndoo isuguliwe kila siku bila kubakiza mabaki ya jana.

Ukifanikiwa kuipata pakiti, soma tarehe ya mwisho na ulibonyeze karatasi lake kwa vidole. Unga uliogandamana mabonge umepata unyevu, na kimeng'enya kilicholowa hupoteza nguvu haraka.

SWALI: Niko Ujiji. Napata kwa bei nafuu mashudu ya mise, dagaa wa kusaga na mihogo mikavu. Dukani kuna pakiti tatu: moja imeandikwa fitazi, ya pili zailanazi, na ya tatu ni mchanganyiko wa aina nyingi. Ninunue ipi?

JIBU: Kabla hujanunua, tazama kilichomo kwenye hori, kwa sababu kila kimeng'enya huvunja kitu kimoja tu, na kama kitu hicho hakimo katika chakula chako fedha yako itatoka na mavi.

Fitazi ndiyo ambayo faida yake imethibitika kuliko zote. Theluthi mbili hivi ya fosforasi iliyomo katika nafaka na mashudu imefungwa ndani ya kitu kiitwacho fitati, ambacho nguruwe hana uwezo wa kukifungua, na fitati hiyo hushika pia zinki, chuma na sehemu ya protini. Fitazi ya kwanza ya kibiashara ilianza kuuzwa nchini Uholanzi mwaka 1991, na sababu haikuwa ukuaji wa nguruwe: fosforasi isiyosagwa ilikuwa ikitoka na samadi na kuchafua maji. Kipimo cha kawaida ni yuniti 500 (yuniti ni kipimo cha nguvu ya kimeng'enya) kwa kila kilo ya chakula. Kwako wewe, hata hivyo, faida yake hutegemea dagaa. Ukiweka dagaa wengi wenye mifupa, fosforasi inayosagika tayari ipo, na fitazi itakuongezea kidogo tu. Ukiwapunguza kwa sababu bei imepanda, hapo ndipo itakapokulipa.

Zailanazi huvunja nyuzinyuzi za pumba za ngano na, kwa kiasi kidogo, za mahindi. Katika chakula cha ngano, shayiri na jamii zake, vimeng'enya vya nyuzinyuzi huonyesha matokeo ya wazi, lakini katika chakula cha mahindi na soya matokeo huwa madogo na hubadilikabadilika. Kwa mihogo yako zailanazi haina la kufanya. Wanga wa muhogo husagika kwa urahisi. Upungufu wa muhogo ni protini, ambayo ni kama kilo mbili au tatu tu katika kilo mia, na sumu yake huondolewa kwa kumenya, kuloweka na kukausha. Hakuna unga wa pakiti unaoifanya kazi hiyo.

Mashudu ya mise, yaani ya kokwa za michikichi, yanastahili maelezo zaidi, kwa maana Kigoma ni nchi ya michikichi na wengi huyatazama mashudu hayo kama zawadi. Nyuzinyuzi zake nyingi ni za aina iitwayo manani, ngumu na kama mchanga mdomoni, na kimeng'enya chake ni mananazi. Kwa hiyo kati ya pakiti zako tatu ile ya mchanganyiko ndiyo yenye nafasi ya kukufaa, na itakufaa endapo tu orodha iliyo nyuma yake inaitaja mananazi pamoja na idadi ya yuniti. Pakiti iliyoandika majina matupu bila yuniti iache rafuni. Lakini hata kwa mananazi, usiwape watoto walioachishwa karibuni zaidi ya kilo tano za mashudu hayo katika mia. Wakishafika kilo 30 au 40 unaweza kupandisha hadi 20. Yanuse pia kabla ya kununua: mafuta yaliyobaki ndani yake huchacha, na mashudu yaliyochacha huwafanya wagome kula.

Dagaa wa kusaga nao wapime. Tia konzi moja kwenye bilauri ya maji, koroga, subiri kidogo. Kinachotua chini upesi na kukwaruza kioo ni mchanga wa ufukweni walikoanikiwa, nawe umeulipia kwa bei ya protini. Waliotiwa chumvi nyingi usiwatumie kabisa, kwani nguruwe aliyekula chumvi nyingi akakosa maji hata kwa nusu siku huweza kupata kifafa na kufa.

SWALI: Hapa Sikonge tumeambiwa kwamba vimeng'enya hivi ni dawa ya kuhara na ya minyoo, na wengine wanasema ni homoni zitakazowadhuru walaji wa kitimoto. Ukweli ni upi?

JIBU: Si dawa wala si homoni. Hutengenezwa kwa kukuza kuvu au bakteria wa aina maalumu, kisha kimeng'enya huchujwa na kukaushwa. Kikishamaliza kazi tumboni, chenyewe husagwa kama protini nyingine yoyote na hakiingii kwenye nyama. Kuhara kunakotokana na chakula kisichosagika huweza kupungua, lakini kuhara kwa bakteria, kwa koksidia (vimelea vidogo sana vya utumbo) au kwa minyoo hakuponi kwa vimeng'enya, na mtoto anayeharisha maji huku amelegea anamhitaji daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Sindano ya madini ya chuma katika siku ya tatu na dawa ya minyoo kwa ratiba yake zibaki palepale.

Kitu ambacho vimeng'enya vinasaidia kukiacha ni tabia ya kutia antibaiotiki kwenye chakula cha kila siku ili wanyama wakue. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku tangu Januari 2006, na mwaka 2022 ukaondoa pia zinki oksidi ya kipimo kikubwa iliyokuwa ikipewa watoto walioachishwa, na ndiyo sababu mojawapo ya pakiti hizi kuwa nyingi sokoni. Anayekuuzia antibaiotiki kwa kijiko kama chumvi, mkimbie.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, nafuga Ipuli, Tabora mjini. Nimekwisha kununua pakiti na kuitunza. Nitajuaje kama inanilipa au naona ninachotaka kuona?

JIBU: Mwalimu, swali lako ndilo ambalo wauzaji hawapendi kuulizwa. Chukua uzao mmoja wenye watoto 10, uwapange wawili wawili wanaokaribiana uzito, kisha kutoka kila jozi mmoja aende chumba cha kulia na mwenzake chumba cha kushoto. Chakula kiwe kilekile kutoka gunia lilelile, tofauti ikiwa kimeng'enya peke yake. Wapime asubuhi kabla hawajala, siku ya kwanza, ya 14 na ya 28. Mzani wa ndoano unaoning'inizwa kwenye boriti na gunia safi vinatosha. Mtie mtoto gunijani, subiri mshale utulie, kisha toa uzito wa gunia. Pima pia chakula unachowapa na kile wanachobakiza.

Tuseme chumba kisicho na kimeng'enya wamekula kilo 70 kwa siku 28 na kuongezeka kilo 28 kwa jumla. Wametumia kilo 2.5 za chakula kwa kila kilo ya mwili. Wenzao wamekula kilo 70 hizohizo wakaongezeka kilo 31, yaani 2.26 kwa kilo. Hapo umepata kilo tatu za uzito hai kwa gramu saba za unga, na bei za vitu hivyo viwili unazijua kunishinda. Tofauti ikiwa kilo moja tu kwa watoto watano, usiitangaze bado, kwani mgonjwa mmoja anatosha kuileta. Rudia kwa uzao wa pili. Ukitaka kujua protini halisi ya chakula chako, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo hapo Tabora. Waulize utaratibu wa kupeleka sampuli.

Pakiti yenyewe usiiweke chini ya bati. Mwezi wa kumi wa Tabora unaufahamu, na ghala la bati mchana huwa tanuri. Ifunge vizuri, uiweke ndani ya chungu au kopo lenye mfuniko mahali penye ubaridi, na usiichanganye mapema na madini kwa sababu huidhoofisha ikikaa nayo muda mrefu. Pakiti ya tani moja ni kubwa mno kwa uzao mmoja, kwa hiyo mgawane na jirani mara tu mnapoifungua.

Na kama kuna kijana anayekusaidia kulisha, usimwambie ni chumba kipi chenye unga. Weka vyakula kwenye ndoo mbili zenye alama unayoijua wewe peke yako. Niliwahi kusimamia jaribio la namna hii ambalo mlishaji alijua, akawapenda wale "wa dawa" kiasi kwamba kila jioni aliwaongezea konzi mbili ambazo hazikuandikwa popote. Tuligundua gunia lilipokwisha siku nne kabla ya hesabu ya daftari.